Je, mchele ni mchele tu, au kila aina ina ladha yake?

Swali: "Mwalimu, naomba utumalizie ubishi. Mimi naamini kila aina ya mchele ina ladha yake. Mume wangu anasema mchele ni mchele, tofauti ni jina lililoandikwa kwenye mfuko. Basi tukafanya jaribio: nilipika basmati niliyokuwa nayo kwenye kopo siku nyingi, na mchele mweupe wa kawaida wa punje ndefu. Maji kipimo kilekile, moto uleule. Nikapakua, nikamwagia mchuzi, nikamfunga kitambaa machoni. Akashindwa kutofautisha, na kusema kweli nilipojaribu mimi nilibahatisha tu. Je, ninajidanganya?"

Jibu:

Hujidanganyi, dada. Aina za mchele zinatofautiana kweli, na tofauti hizo zimepimwa maabara mpaka zikajulikana jeni zinazozileta. Ila shemeji naye ana hoja, kwa sababu sehemu kubwa ya tofauti hiyo haikai kwenye ulimi. Iko puani na menoni. Jaribio lenu, bila ninyi kukusudia, liliziba pua, likayachanganya meno, kisha likafunga na macho. Hapo hata mtu anayelipwa kwa kazi ya kuonja wali angebahatisha.

Tuanze na ulimi, maana habari yake ni fupi. Wanga ndio karibu asilimia 80 ya punje ya mchele mweupe, na wanga hauna ladha. Ukitafuna tonge moja kwa muda mrefu bila kumeza utaanza kuhisi utamu fulani, lakini hayo ni mate yako yanauvunja wanga kuwa sukari, na hutokea kwa mchele wowote ule. Kuna aina ambazo wali wake una utamu kidogo zaidi, na watafiti wa mbegu wa Japani wamelishughulikia sana jambo hilo. Aina yao maarufu, koshihikari, iliyopewa jina lake mwaka 1956, inasifiwa kwa utamu na ulaini. Wanaangalia hata protini: ikizidi kwenye punje, wali huwa mgumu kidogo na ladha yake hufifia, ndiyo maana mkulima anayetafuta mchele mzuri huchunga asitie mbolea ya naitrojeni nyingi mpunga unapokaribia kuchanua. Lakini hizo ni tofauti za kunong'ona. Ukitaka kujua zilivyo ndogo, bana pua, tia wali mdomoni, tafuna mara kadhaa, kisha achia pua. Kile kinachokujia ghafla baada ya kuachia ndicho ulichokuwa ukikiita ladha. Ni harufu, inapanda kutoka nyuma ya koo.

Na harufu ndiyo inayoutenga mchele mmoja na mwingine waziwazi. Mwaka 1982 Ron Buttery na wenzake, katika maabara ya Wizara ya Kilimo ya Marekani huko California, walitambua kemikali inayoupa mchele wa kunukia ule unukato wake: 2-asetili-1-pirolini. Jina gumu, lakini pua yako inaijua siku zote. Ndiyo hiyohiyo inayonukia kwenye bisi zilizotoka jikoni sasa hivi na kwenye ganda la mkate wa moto. Walipoipima katika aina 10 za mchele, ile yenye harufu kidogo kabisa ilikuwa na sehemu 6 katika bilioni, na ile inayonukia zaidi sehemu 90 katika bilioni. Pua ya binadamu huweza kuinusa ikiwa kwenye maji kwa kiasi cha sehemu moja tu ya kumi katika bilioni.

Tazama vizuri namba hizo, kwa sababu zinawapa haki wote wawili. Hata mchele usiosifiwa kwa harufu unayo kemikali hiyohiyo, kwa hiyo shemeji akisema kwamba mchele ni mchele, mkemia hatamkatalia moja kwa moja. Ila kuna kidogo na kuna mara 15 ya hicho kidogo, na pua iliyo wazi haiwezi kukosa kuona pengo kama hilo.

Kinachofurahisha zaidi ni chanzo chake. Mwaka 2005 watafiti wa Australia walionyesha kwamba unukato huu hutokana na jeni iliyoharibika. Mpunga wa kawaida una jeni iitwayo BADH2, kwenye kromosomu ya 8, ambayo kazi yake husababisha malighafi ya kutengeneza harufu itumike kwingine. Kwenye mpunga wa kunukia jeni hiyo imepoteza herufi 8 za maandishi yake ya vinasaba na haifanyi kazi tena, basi malighafi inabaki na harufu inajengeka. Ni hitilafu, na wakulima wa zamani waliipenda, wakaendelea kuchagua mbegu yake kizazi baada ya kizazi. Basmati ya India na Pakistani na jasmini ya Thailand zina hitilafu ileile, ingawa kwa ukoo zimeachana sana: jasmini iko kwenye kundi la indika, na basmati iko kwenye kundi dogo la mipunga ya kunukia ambalo kwa nasaba linakaribiana zaidi na japonika, yaani ukoo wa mchele wa Japani.

Utauliza, kama kemikali ni moja na hitilafu ni moja, mbona basmati hainukii sawasawa na jasmini? Kwa sababu wali una kemikali za harufu zaidi ya 200, na hiyo moja ni mwimbaji kiongozi tu. Mchele mweusi, kwa mfano, una kemikali nyingine iitwayo guaiakoli, yenye harufu ya moshi mwepesi, na ndiyo inayoufanya unukie kama umekaa karibu na moto wa kuni. Tena mazingira yanaingia hapo. Mbegu ileile ikikomaa kwenye joto kali hunukia kidogo kuliko ikikomaa usiku ukiwa umeanza kupoa, na hilo ni sehemu ya sifa ya nyanda zilizo chini ya milima ya Himalaya ambako basmati hukomaa mvua zikiwa zimekatika na baridi inakaribia. Kwa hiyo mtu akikuambia mchele fulani ukilimwa kwao unanukia na ukipelekwa kwingine haunukii, usimwone mzushi.

Kwa wanaozalisha mbegu, kupima harufu ilikuwa, na mara nyingine bado ni, kazi ya pua tupu. Wanakata majani machanga ya mpunga, wanayatia kwenye chupa ndogo yenye maji ya potasi hafifu, wanafunika kidogo, kisha wanafunua na kunusa. Au wanatafuna punje mojamoja mbichi. Baada ya sampuli kadhaa pua inachoka na kila kitu kinaanza kunukia vilevile, au kutonukia kabisa. Hilo lishike, tutalirudia.

Sasa twende kwenye meno, na hapa ndipo mimi naona kuna habari kubwa kuliko hata harufu. Wanga wa mchele una sehemu mbili. Amilosi ni mnyororo mrefu ulionyooka. Amilopektini ni mti wenye matawi mengi. Uwiano wao ndio unaoamua kama wali utachambuka punje mojamoja, utashikana kiasi cha kufanya tonge, au utanata kama gundi. Mchele ulionata kabisa, ule unaoliwa Laos na kaskazini-mashariki mwa Thailand, hauna amilosi, au unayo isiyofika asilimia 2. Wenye chini ya asilimia 20 ni laini na unashikana. Kati ya 20 na 25 wali unachambuka lakini unabaki mwororo. Ukipita 25, unachambuka vizuri ukiwa wa moto, halafu ukipoa unakuwa mkavu na mgumu.

Kuwa mgumu ukipoa si uzembe wa mpishi. Ndani ya sufuria, punje zikifika kwenye joto la kati ya nyuzi 55 na 79, kutegemea aina, wanga unavimba na minyororo ya amilosi inaachana na kuchuruzika. Wali ukipoa, minyororo ile iliyonyooka inajipanga tena ubavu kwa ubavu na kukaza. Matawi ya amilopektini hayawezi kujipanga upesi namna hiyo, ndiyo maana mchele wenye amilosi chache hubaki laini hata kesho yake.

Ukitaka kuiona tofauti hii kwa macho, dondoshea tone la iodini iliyozimuliwa kwenye punje iliyokatwa. Mchele wa kawaida unageuka bluu inayokaribia weusi. Ule ulionata kabisa unageuka hudhurungi yenye wekundu. Punje mbili, zote nyeupe kabla ya tone, na baada ya sekunde chache huhitaji mtu wa kukueleza kwamba si kitu kimoja. (Punje zenye iodini usizirudishe jikoni.)

Na kama bado shemeji anadhani haya ni ya maabara tu, mpe habari ya IR8. Mwaka 1966 Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga, yenye makao yake Los Baños nchini Ufilipino, ilitoa mbegu hiyo fupi, isiyoanguka shambani, inayozaa kupita kiasi kilichozoeleka. Watu waliiita mpunga wa miujiza, na kweli iliwalisha wengi. Lakini walaji walilalamika. Punje zake zilikuwa na madoa meupe kama chaki, zilikatikakatika kwenye kukoboa, na kwa kuwa amilosi yake ilikuwa nyingi, wali ulikuwa mgumu ukipoa. Watu waliokuwa wakihitaji chakula, tena kwa haraka, walinung'unikia ladha. Taasisi ikaendelea kuchanganya mbegu, na mwaka 1985 ikatolewa IR64, yenye amilosi ya wastani, ikaenea mashamba mengi ya Asia. Mavuno na uwezo wa kustahimili magonjwa vilichangia, ila wali wake ulipendwa, na hilo lilichangia sana. Kama mchele wote ungekuwa mmoja mdomoni, hakuna mtu angelalamikia ile ya kwanza.

Sasa turudi kwenye sufuria zako mbili. Basmati huangukia kwenye lile kundi la katikati, asilimia 20 hadi 25. Mchele mweupe wa kawaida wa punje ndefu mara nyingi nao huangukia hapohapo. Kwa maana hiyo ulichagua aina mbili ambazo kwa meno ni majirani wa karibu. Ungechukua jasmini, ambayo amilosi yake ni chache, au mchele wa punje fupi wa Japani, shemeji angejua kabla hajameza tonge la kwanza. Sifa ambayo basmati inaupita mchele mwingine kwa mbali ni kurefuka: punje ikipikwa hufikia karibu mara mbili ya urefu wake bila kunenepa sana. Hiyo ni sifa ya kuonekana, na wewe ulimfunga kitambaa.

Ikabaki harufu. Hapo ndipo kopo lako lilipoharibu mambo. Ile asetili-pirolini ni kemikali inayoruka. Mchele ukikaa, hasa kwenye joto na chombo kinachofunguliwa kila mara, inapotea polepole. Wakati huohuo mafuta kidogo yaliyobaki juu ya punje baada ya kukobolewa yanachacha na kutoa harufu ya uzee, inayofanana na maboksi yaliyokaa stoo. Ni kweli wauzaji wa basmati huikalisha mwaka mzima au zaidi kwa makusudi, kwa kuwa mchele mkuukuu hukaza, hunywa maji mengi na huchambuka vizuri kuliko mpya. Lakini wao huichunga ilivyohifadhiwa. Basmati ya kwenye kopo lililosahaulika inaweza kubaki na umbo la basmati huku harufu yake imeshuka mpaka ikalingana na mchele wa jirani.

Maji nayo. Kipimo kimoja kwa michele miwili kinaonekana ni haki, kumbe sivyo. Mchele wenye amilosi nyingi, au uliokaa muda mrefu, hutaka maji zaidi. Mchele mpya au wa kunata hutaka machache. Ukitumia kipimo kimoja, mmoja utaiva vizuri na mwingine utatoka na kiini au utalainika kupita kiasi, na utakachokuwa unaonja ni makosa ya maji, si aina ya mchele. Kila mmoja upikwe jinsi unavyopendeza wenyewe.

Kuhusu mchuzi nitasema sentensi moja: wenye kitunguu, viungo na chumvi unafunika kemikali inayohesabiwa kwa sehemu za bilioni kama vile haikuwahi kuwepo.

Kuna mambo mawili yanayobadilisha ladha ya wali kuliko aina yenyewe, na watu huyachanganya na aina. La kwanza ni kukoboa. Mchele wa kahawia, ambao pumba zake hazijaondolewa, una mafuta na harufu ya karanga, unatafunika kwa nguvu, na tofauti kati yake na ndugu yake mweupe wa mbegu ileile ni kubwa kuliko tofauti ya aina nyingi nyeupe zikilinganishwa zenyewe kwa zenyewe. Mafuta hayohayo ndiyo yanayoufanya uchache haraka, kwa hiyo usinunue wa kukaa mwaka. La pili ni ule mchele unaolowekwa na kupitishwa kwenye mvuke ukiwa bado na maganda, kisha ukakaushwa na kukobolewa. Wanga wake umeshaiva mara moja kabla haujafika kwako. Punje zinakuwa ngumu, za manjano kidogo, haziharibiki kirahisi sufuriani, na zina harufu yake ya pekee. Hata ungekuwa ni mchele wa kunukia, sehemu kubwa ya unukato huishia kwenye hatua hiyo.

Na hoja ya shemeji kuhusu jina la kwenye mfuko, siwezi kuitupa yote. Kuchanganya basmati na mchele mwingine wa punje ndefu ni udanganyifu wa siku nyingi, kiasi kwamba wafanyabiashara wa Uingereza waliandika kanuni zao mwaka 2005 kuweka ukomo: mchele usio basmati usizidi asilimia 7 kwenye mfuko ulioandikwa basmati. Ukaguzi hufanywa kwa vipimo vya vinasaba, kwa sababu jicho peke yake halitoshi. Hivyo inawezekana kabisa mtu akaonja "basmati" na asione tofauti, kwa kuwa aliyokuwa nayo ilikuwa nusu tu.

Mkitaka kurudia jaribio, lifanyeni hivi. Nunua mchele wa kunukia ambao mfuko wake haujafunguliwa, na mwingine wa kawaida. Pika kila mmoja kwa maji yake, bila chumvi wala mafuta, sufuria zifunikwe vizuri. Ukishaiva, uache umefunikwa dakika 10, kisha upakue ukiwa wa vuguvugu, si wa kuunguza. Mtu wa tatu, asiye wewe wala yeye, apange bakuli 3 zenye vifuniko: mbili za mchele mmoja, moja ya mwingine. Kazi ya shemeji si kutaja jina la mchele. Ni kusema tu ipi ni tofauti. Afunue, anuse kwanza akiwa karibu, ndipo aonje, na kati ya bakuli na bakuli anywe maji na apumzishe pua, kwa ile sababu niliyoieleza ya pua kuchoka. Akibahatisha ana nafasi moja kati ya 3. Kupatia mara moja basi si ushahidi. Akipatia mara 3 mfululizo, kwa kubahatisha hiyo ni nafasi moja kati ya 27, na hapo ubishi umekwisha. Kisha rudieni na bakuli zilezile zikiwa zimemwagiwa mchuzi, muone kama ataweza tena.

Usitegemee miujiza pia. Kutofautisha basmati moja na basmati nyingine, au arborio na carnaroli, zote za Italia, kunahitaji mdomo uliozoea, na hata waonjaji wa maabara hufundishwa kwanza kabla ya kuaminiwa. Anayekuambia anatambua kila mchele kwa kunusa tu mfuko, mwache aendelee.

Kwa matumizi ya nyumbani, nunua kwa kufuata unavyoula. Kama wali wako karibu kila siku unakutana na mchuzi mzito, chagua kwa meno: tafuta unaochambuka au unaoshikana unavyopenda, na harufu usiilipie. Mchele wa kunukia uweke kwa siku ambayo wali utaliwa mweupe au na kitu chepesi, nunua kidogokidogo, na ufunge mfuko vizuri. Na ukikuta chenga za mchele wa kunukia, usizidharau. Jeni ya harufu haijali kama punje imekatika. Zinanukia vilevile, zinauzwa rahisi kuliko punje nzima, ila zitashikana zaidi, kwa hiyo zipunguzie maji.